Divai ya Mke Wetu

Kisii, 10 Februari 1957

Wifi yangu Drusilla, binti mkubwa wa mzee Ondieki,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji Jethro, na mbusu mwanao Esnah kwa niaba yangu kwenye lile shavu lenye kishimo. Sisi huku ni wazima kupita kiasi. Mvua imeanza, bati la nyumba yetu linaimba, na ndugu yako Walter anaimba kulishinda.

Nisamehe kukuandikia kwa Kiswahili. Kikisii changu bado kinachechemea, na Kijaluo najua kwako ni kama kelele za ndege. Basi tukutane hapa katikati, wewe na mimi.

Wifi, mbona hamkuniambia kwamba ndoa ni tamu hivi? Walter akitoka kazini kwenye chama cha kahawa hupiga mluzi akifika konani. Mimi hujifanya sikusikia ili apige tena. Majirani wanatucheka. Wacha wacheke! Nimesoma mpaka sekondari, nimekariri mito ya Ulaya yote, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwamba mtu anaweza kufurahishwa na sauti ya viatu mlangoni.

Sasa sikia jambo tulilolianza, usishtuke. Tunajifunza divai. Mimi nilikulia Katoliki, na tangu utotoni nimemtazama padre akiinua kikombe, akinywa peke yake, akikipangusa kwa kitambaa cheupe. Sisi tuliopiga magoti tulipewa hostia tu. Miaka yote hiyo nilijiuliza kile kikombe kina ladha gani. Walter naye anasema kwenu Wasabato ni maji ya zabibu yasiyochachuka, basi hata yeye hakuwa anajua. Na sasa kwa kuwa sheria imelegezwa na Mwafrika anaweza kununua divai dukani, tukasema, mbona tusijue?

Ungemwona ndugu yako siku hiyo! Alifunga tai. Akaingia kwenye duka lenye chupa, akaomba divai nyekundu. Mwenye duka hakuinua hata macho.

"Ya bwana gani?"

"Ya Bwana Walter Ondieki."

"Simjui huyo. Anakaa wapi?"

"Amesimama mbele yako."

Wifi, nilikuwa mlangoni na kikapu changu, na nilitaka kupiga kigelegele dukani humo. Mwenye duka aliifunga chupa ile kwa gazeti kwa heshima kama anamvisha mtoto.

Usiogope gharama. Mwalimu wetu ni jirani, Bi. Fernandes, Mgoa, mumewe karani wa posta. Ametuonyesha kwamba tuache chupa zenye majina marefu. Kuna divai ya Afrika Kusini inayokuja katika dumu la kioo lililosukiwa kikapu. Tunanunua dumu moja, tunagawana na akina Fernandes, na fungu letu tunalitia katika chupa za bia tulizozichemsha, tunajaza mpaka shingoni kwa maana adui wa divai ni hewa. Bilauri ni zile zile za chai. Na Walter ameacha sigara kabisa, kwa hiyo moshi ndio unaolipia divai.

Sasa ombi langu. Hujakanyaga nyumba hii tangu tuingie. Ng'ombe wa mahari waliotolewa kwa ajili yako ndio hao hao waliokwenda Kendu kwa baba yangu, ndio walionileta. Wazee wa kwenu wote waliniambia siku ya harusi, "Wewe ni mke wa Drusilla kwanza, Walter amekukopa tu." Nitajiitaje mwenye nyumba kama aliyenioa hajala kwangu? Njoo Pasaka. Nakuomba kwa magoti yote mawili.

Mke wako na wa Walter,
Nereah Anyiko

Manga, 3 Machi 1957

Mke wetu Nereah,

Nimepata barua yako Sabato, mzee wa kanisa aliniletea mkononi. Esnah ni mzima, anakimbia ovyo. Wimbi limeota, palizi imenishinda kidogo. Namtuma kijana wa jirani na mkungu wa ndizi na unga. Unga upepete tena, jiwe langu la kusagia limeanza kutoa mchanga.

Hapo pa duka nilisoma mara mbili. Nilisimama katikati ya shamba nikacheka peke yangu. Baba angekuwa hai angechinja. Mwambie Walter tai hiyo asiifunge kwa kubana sana, tangu mdogo shingo yake hutoka vipele.

Kuhusu kuja. Mimi ni Msabato na nyumba yenye chupa siingii. Si kwamba nimekukataa wewe. Usikasirike, na usiniandikie tena habari za ladha.

Lakini nijibu jambo moja. Chupa ikishafunguliwa, nani anasema basi?

Ni mimi,
Drusilla

Kisii, 24 Machi 1957

Wifi mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mtu aliyeota mashavu! Ndizi zako zimeninenepesha, na unga wako nimeupepeta kama ulivyosema. Walter amelegeza tai. Alipoona umekumbuka vipele vyake alisema, "Huyo ndiye mama niliyebaki naye." Nilimpenda zaidi hapo, kama inawezekana. Shemeji Jethro hajambo? Hukumtaja.

Swali lako limetuchekesha, kwa maana hatujawahi kujiuliza. Nani anasema basi? Hakuna, Wifi! Walter anamimina vidole viwili kwenye bilauri yangu na viwili kwake, anarudisha kizibo kwa kiganja, paa! Kisha chupa inarudi kwenye mtungi wa maji uani ipate baridi. Iliyofunguliwa Jumapili tunaikuta Alhamisi, imekaa pale pale kama kuku anayeatamia. Mara nyingine tunaisahau mpaka inakuwa siki, nami naitia kwenye kabeji.

Najua ulinikataza ladha, lakini nivumilie kidogo tu, maana nina furaha na sina mwingine wa kumwambia. Bi. Fernandes anasema usinywe kabla hujanusa. Tunainusa hiyo nyekundu huku tumefumba macho, kila mmoja anataja alichokikuta. Mimi nilikuta zambarau zilizoiva na moshi. Walter, ambaye pua yake inajua kahawa iliyolala siku moja zaidi kwenye tangi, alikuta ngozi ya kiatu kipya. Tukabishana mpaka chakula kikapoa! Ile inayokaza ulimi si ubovu, ni ukakasi, kama wa ndizi mbichi au chai iliyosahauliwa jikoni, na dawa yake ni nyama ya mbuzi yenye mafuta. Nyeupe inapenda samaki wa kwetu. Ila usijaribu divai yoyote na chinsaga, ile mboga yenu chungu. Tulijaribu. Tulitazamana kama watu waliolishwa kwinini.

Na sasa kisa. Baba mdogo Machogu alitutembelea. Kwa kuwa anasimama mahali pa baba mkwe, hakukubali kuingia nyumbani kwa mtoto wake aliyeoa, nami sikuthubutu kumkaribia, basi kiti chake kikawekwa uani na Walter ndiye aliyehudumu huku mimi nikichungulia jikoni. Bi. Fernandes alikuwa amekuja na divai ya heshima, chupa yenye vumbi aliyoihifadhi tangu ubatizo wa mwanawe.

Mzee akaitazama. "Maji ya moto yako wapi?"

Walter akasema, "Baba, hii hainywewi na maji ya moto."

"Mimi nimekunywa kabla wewe hujatahiriwa. Lete maji ya moto na chungu."

Wifi, alimimina chupa yote chunguni, akaongeza maji yanayochemka kama inavyofanywa na pombe ya wimbi, akachomoa mrija wake mrefu, ule anaotembea nao kama fimbo, akavuta. Bi. Fernandes alijifanyia ishara ya msalaba. Mzee akafumba macho. "Dawa ya kifua," akasema. "Ninyi mnainywa baridi, mmefiwa na nani?" Akamwita Mama Fernandes avute naye, na huyo mama wa watu, kwa heshima, akavuta! Akasema kwao Goa wakati wa mvua bibi yake aliichemsha na mdalasini. Wakawa marafiki.

Halafu mzee akasema, "Hii haipigi mtu. Ile ya Jethro inapiga." Walter akauliza, "Inampiga nani?" Mzee akaurudisha mdomo kwenye mrija. Amesema pia una mkono unaouma. Wifi, mkono umefanyaje?

Pasaka nakungoja. Nitakuchemshia chai ya maziwa, na chupa zote zitakuwa kwa akina Fernandes.

Wako,
Nereah

Kisii, 12 Mei 1957

Wifi Drusilla,

Salamu za hapa ni fupi leo. Sote wazima. Pasaka imepita. Nilitandika kitambaa nilichokitarizi kwa ajili yako, na Walter alisimama njia panda tangu asubuhi mpaka basi la mwisho. Aliporudi alisema vumbi limemwingia machoni.

Kama ni divai iliyokuudhi, tumeacha. Walter amempa Bi. Fernandes kila kitu, hata vizibo. Usijibu kwa unga. Nijibu kwa maneno.

Nereah

Manga, 9 Juni 1957

Mke wetu,

Shikamoo hainipasi kukupa lakini ningeweza ningekupa. Esnah alikuwa na surua, amepona. Wimbi tumevuna. Mkono ulikuwa haunishikii kalamu, sasa unashika. Nilianguka kwenye mteremko na mzigo wa ndizi. Ndivyo nilivyomwambia mzee wa kanisa na ndivyo ninavyokuambia.

Sasa nisome vizuri, kwa maana sitaandika mara mbili.

Miaka yote hii nimekuwa na neno moja. Watu wakiniangalia usoni siku ya soko, nawaambia, si Jethro, ni pombe. Mama mkwe wangu akilia, namwambia, si yeye mama, ni pombe. Esnah akijificha chini ya kitanda, namwambia hivyo hivyo. Nilikuwa nimeketi juu ya neno hilo kama mtu aliyeketi juu ya jiwe mtoni. Ndiyo maana sikutaka chupa yenu. Nilikuwa nikingoja kusikia siku ambayo Walter naye atageuka, kwa sababu kama ni pombe, lazima atageuka.

Wewe ukaniandikia kwamba ya Jumapili mnaikuta Alhamisi. Kwamba mnabishana kuhusu zambarau na kiatu. Kwamba mnaisahau inakuwa siki! Nereah, nilikaa na barua hiyo kwenye zizi la mbuzi mpaka jua likanichoma. Umenichukulia jiwe langu. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani.

Usifikiri nakuomba kitu. Najivunia. Ng'ombe wangu ndio waliomwoza ndugu yangu mke aliyesoma, anayecheka, anayetarizi. Nikitoka hapa Jethro atawadai, na ni haki yake kwa desturi, na hao ng'ombe wako kwa baba yako. Mlango wangu wa kutokea unapita katikati ya zizi lenu la Kendu. Sitabomoa nyumba niliyoijenga mwenyewe ili nipate pa kulala.

Barua hii Walter asiione. Na divai yenu irudisheni. Bi. Fernandes akidhani sisi ni watu wa kutoa na kunyang'anya, na adhani.

Drusilla

Kisii, 30 Juni 1957

Wifi yangu, mume wangu wa kwanza,

Nakusalimu nikiwa nimesimama, siwezi kuketi. Walter ameiona barua. Ndiyo, nimekuasi! Nimeolewa juzi tu na tayari nina uasi mmoja, na sijutii hata nukta yake. Aliisoma, akaikunja, akaenda uani akapasua kuni zote za mwezi. Kisha akarudi, akaniuliza, "Baba yako Eliakim ni mtu wa namna gani ukimwambia jambo gumu?" Nikasema, "Twende ukaone."

Tulifika Kendu jioni, na zawadi ya chupa moja ya nyekundu. Baba, mzee Eliakim Odero, ni mtu wa nyavu na mashua, hana subira na maneno marefu. Alionja kwanza.

"Inakaza ulimi kama shahidi wa uongo," akasema. "Haya, semeni kilichowaleta, maana mtu haleti kitu kibaya hivi bure."

Walter alipiga goti, Wifi. Ndugu yako mwenye tai! Akaeleza yote. Akasema, "Baba, naomba uniachie ng'ombe wamrudie Jethro, ili dada yangu awe huru na mtoto wake. Nawe nitakutolea wengine polepole, mpaka waishe au mimi niishe."

Baba akaizungusha divai ndani ya bilauri. Mama yangu, Margret, akakohoa jikoni kikohozi chake kile cha kumwamuru. Baba akanigeukia mimi.

"Wewe, ng'ombe wakiondoka, kwa haki yangu nakuchukua nyumbani. Unajua?"

Nikasema, "Baba, jaribu kunichukua uone."

Alicheka mpaka akamwaga divai. "Chukueni hao wa pembe fupi," akasema, "wanakula kama jeshi na hawajui kuogelea. Mwambie huyo dada yako kwamba katika boma la Odero hakuna ng'ombe anayelipwa kwa mkono wa mwanamke uliovunjika." Kisha akaomba bilauri nyingine. Amesema ladha yake inakuja kwa kuchelewa, kama akili ya Walter. Walter amekubali matusi hayo kama baraka!

Wifi, nimejaa fahari mpaka vifungo vinanikatika. Nimemwona baba yangu akiwa mkubwa. Nimemwona mume wangu akipiga goti na kubaki mrefu kuliko wote. Na mimi mwenyewe, ambaye nilidhani fahari ya mke ni mahari yake, sasa ni mke ambaye ng'ombe wake wamerudi na yeye amebaki. Kendu yote inalizungumzia jambo hilo. Nipo bila kamba, bila zizi, nipo kwa sababu nataka kuwapo.

Ng'ombe wamefika. Wako kwa baba mdogo Machogu. Amekubali kuwapeleka na kusema mbele ya wazee wa upande wa Jethro, na ameapa hataleta mrija siku hiyo. Lakini hatakwenda mpaka wewe useme. Mlango uko wazi, na hakuna atakayekusukuma. Ukisema unabaki, watakula majani kwa mzee, nasi tutakupenda vile vile.

Jana Walter alifungua chupa hapa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Tulimimina, tukanusa, na hakuna aliyekuta zambarau wala kiatu. Tulikuwa tunasikiliza njia.

Nereah, mke wenu kwa hiari

Manga, 28 Julai 1957

Nereah,

Nakusalimu, nawasalimu wazee wako wa Kendu. Mwambie baba yako sina cha kumpa sasa, ila Esnah nimemfundisha kulitamka jina lake. Mvua ni ndogo. Ndizi nimezigawa kwa majirani.

Nilichelewa kwa sababu nilitaka kujua kama nitakuja kwa hasira au kwa akili. Hasira ilikwisha wiki ya kwanza. Nikangoja tena nione kama kuna kitu kingine kitakuja nyuma yake. Hakikuja.

Jana Jethro aliamka akiwa hajanywa kitu. Jua lilikuwa limechomoza, ameoga, ameketi akila viazi. Nikamwambia ng'ombe wako kwa Machogu. Aliinua mkono. Hakukuwa na pombe nyumbani, hata harufu. Mkono ule ule. Nilisimama nikautazama, nikamwambia, "Shusha. Leo huna wa kumsingizia." Akaushusha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeyaona macho yake.

Mwambie mzee Machogu awapeleke Jumatano. Asipite njia ya mtoni. Apite barabarani, wazi, na kengele za ng'ombe zikisikika. Wametoka kwa heshima, warudi kwa heshima. Nami nitatoka baada yao, mchana, pamoja na Esnah, nitapita sokoni Nyakoe katikati ya watu, nimevaa gauni la bluu nililovaa siku nilipowaoza. Atakayeuliza nitamjibu kwa sauti. Kanisani nimeshasema mwenyewe, kabla hawajaambiwa na wengine. Wawili walishika vichwa, mmoja alinishika mkono.

Siku ya Sabato chupa zenu zikae kwa Bi. Fernandes. Siku nyingine nyumba ni yenu. Mimi sitainywa. Ila Walter akifunga kizibo, nitakuwa nimeketi hapo natazama, na msiniulize kwa nini natazama.

Kile kitambaa ulichokitarizi kikunje, ukiweke. Usinipikie chakula cha mgeni. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nakuja na langu begani.

Drusilla, binti Ondieki